Nibanane ukingoni au niingie kwenye leni? Jibu kwa mwendesha baiskeli wa Mtopanga, Mombasa

Swali: "Salaam mwalimu. Naishi Mtopanga, kazi iko Mwembe Tayari, nauli imenishinda na jam ya asubuhi pale Kongowea yanichelewesha kila siku ndo nikanunua baiskeli. Mimi hukaa ukingoni kabisa mwa lami nisisumbue gari za watu, lakini matatu zanipita karibu mpaka saidi mira yanigusa mkono, na wiki ilopita moja ikanisukuma hadi mchangani nikaanguka. Dereva akanitukana ati nipande njia ya miguu. Mke wangu sasa ataka niiuze. Nikae wapi barabarani niwe salama na nisigombane na watu?"

Wa alaykum salaam mwanangu, na pole sana kwa kuanguka, nashukuru umeinuka mzima. Nakujibu kama mtu anayefundisha watu udereva na ambaye mwenyewe aenda kazini kwa baiskeli, kwa hivo nyuma ya usukani nakujua na juu ya pedali nakujua. Jibu langu ni hili: toka huko ukingoni. Baiskeli usiiuze, badilisha pahali unapokaa.

Najua yasikika vibaya, manake sote tumelelewa na lile neno la "kaa kando kabisa". Lakini hebu fikiria dereva wa matatu anayekuja nyuma yako. Macho yake saa hiyo hayatafuti baiskeli, yatafuta abiria na yatafuta mwanya. Ukiwa umejibana kwenye ile sentimita ishirini ya mwisho ya lami, yeye aona leni iko wazi na wewe ni kama nguzo ya stima tu pale pembeni, hapunguzi mwendo, hashiki breki, hageuzi usukani hata kidogo, apita moja kwa moja. Wala hakuchukii. Hajafanya uamuzi wowote kuhusu wewe kwa sababu hujampa sababu ya kuamua.

Sasa tufanye hesabu kidogo, chukua leni ya mita tatu na nusu, na nyingi zetu ni nyembamba kuliko hivo. Kontena pekee, lile sanduku la bandarini, lina upana wa mita 2.44, na hapo hujatia vioo vya trela. Wewe na usukani wako wachukua kama sentimita 70. Ukitoa zote mbili, kinachobaki ni chini ya nusu mita, na hiyo nusu mita ndo yagawanywa baina ya bega lako na trela, na baina ya tairi yako na mchanga. Hata matatu ya kawaida ikipita hapo ndani ya leni yako, nafasi inayobaki haikutoshi kukwepa shimo moja. Hii yamaanisha kwenye leni nyembamba HAKUNA namna gari itakupita salama bila kuhama leni. Ukikaa ukingoni wamdanganya dereva kwamba namna ipo, naye ajaribu, na akijaribu mwili wako ndo unaolipa.

Kwa hivo fanya hivi. Siku zote acha kama mita moja baina yako na ukingo wa lami, hiyo ndo nafasi yako ya kukimbilia ukibanwa, na pia yakutoa kwenye mchanga, vigae vya chupa na yale mashimo ya pembeni. Barabara ikiwa nyembamba, au unakaribia makutano, au kuna gari zimeegeshwa kushoto, au wakaribia steji ya matatu, ingia katikati ya leni kabisa, pale pangepita gari. Hapo dereva wa nyuma akuona mapema na ajua lazima asubiri ama ahamie leni ya pili. Alafu barabara ikipanuka rudi kushoto umpishe, mwinulie mkono wa shukrani. Hilo la kumpisha usilichukulie dogo, mtu akishaona hukumzuia kwa ukaidi kesho akikukuta akupa nafasi mwenyewe, na njia ya kazini hukutanisha watu wale wale kila asubuhi.

Lakini kuingia leni si kujirusha. Watu wengi huumia hapa. Geuza kichwa uangalie nyuma kwanza, kule kugeuza kichwa peke yake kwamwambia dereva kwamba wataka kitu, alafu nyosha mkono wa kulia, ngoja uone gari imepunguza, ndo uhame polepole. Kama haikupunguza, tulia ipite, ujaribu inayofuata. Jizoeze kuangalia nyuma bila baiskeli kuyumba, nenda uwanjani Jumapili ufanye hilo tu mpaka shingo izoee. Mimi siamini mtu yuko tayari kwa barabara ya Malindi kama hawezi kutazama nyuma na kubaki kwenye mstari mnyoofu.

Sasa matatu, manake ndizo zakusumbua. Mlango wa abiria uko kushoto. Matatu ikisimama, hata kama imesimama katikati ya barabara na pale kushoto pana mwanya mtamu wa kupenya, usipenye! Abiria hushuka bila kuangalia, yuwashuka na mfuko na mtoto, na makanga, yule kondakta wa matatu, naye huruka kabla gari haijasimama. Ama ngoja nyuma yake ama mpite kwa kulia baada ya kuangalia nyuma, na ukimpita kwa kulia mpe nafasi kwa sababu yeye huondoka bila indiketa. Utajuaje kama iko karibu kusimama? Usingoje taa. Angalia makanga: akitoa mwili nje na kuanza kuangalia chini, au ukisikia agonga bodi, hiyo gari yasimama. Angalia pia watu walioko kando ya barabara mbele yako, mtu akiinua mkono tu jua kila matatu iliyo nyuma yako sasa hivi yataka kukukatia mbele ije imchukue. Dereva yuko mbioni kumwahi abiria kabla ya mwenzake, na kati yake na huyo abiria uko wewe. Hapo usishindane nae, wacha kukanyaga pedali sekunde mbili tatu aingie asimame, alafu umzunguke. Wapoteza sekunde tu. Bombolulu na Kongowea karibu njia nzima ni steji, kwa hivo vipande hivo vipite taratibu, mkono uko kwenye breki.

Mtopanga mpaka Mwembe Tayari trela si nyingi sana, lakini siku ukitumwa Shimanzi ama Changamwe utazikuta, na hapa naomba unisikilize vizuri kuliko pahali pengine pote. Trela ikipinda, magurudumu ya nyuma hayafuati njia ya yale ya mbele, hukata kona kwa ndani. Dereva akitaka kupinda kushoto huanza kwa kwenda kulia kidogo apate nafasi, na pale kushoto hufunguka mwanya mkubwa, na mwenye baiskeli auona auingia akifikiri amepewa njia. Alafu trela yaanza kupinda na ule mwanya wajifunga kutoka nyuma, na dereva amekaa juu upande wa kulia, pale kushoto chini ya dirisha lake haoni kabisa, hata pale mbele ya bampa karibu karibu haoni. Hasikii kelele zako. Usiwahi kusimama wala kupita kushoto mwa lori kwenye makutano au raundabauti, hata kama lina indiketa ya kulia, hata kama limesimama na wewe una haraka. Kaa nyuma yake, mbali kiasi cha kuona kioo chake, na kama huuoni uso wa dereva ndani ya kioo basi jua na yeye hakuoni. Nikiwa na uwezo wa kumfundisha kila mwendesha baiskeli wa Mombasa jambo moja tu ningefundisha hili.

Tuktuk na bodaboda ni nyepesi, lakini hugeuka ghafla, tuktuk hasa yaweza kugeuka nyuma ilikotoka pahali popote ikiona abiria ng'ambo. Usiifuate karibu, basi.

Daraja la Nyali, lile la kuingilia kisiwani. Hapa adui ni upepo. Wakati wa kusi, miezi ya katikati ya mwaka, upepo watoka kusini na kusini mashariki, na wewe asubuhi ukija kisiwani wakupiga ubavu wa kushoto, yaani wakusukuma kulia, kwenye magari. Ukipanda darajani shika usukani imara lakini mikono isikaze, punguza mwendo, na usibebe mzigo mpana nyuma kama boksi kwa sababu huwa tanga. Lori likikupita utasikia kwanza msukumo alafu mvuto, jiandae nao. Siku upepo ni mkali sana shuka, pandisha baiskeli kwenye njia ya miguu na uikokote mpaka ng'ambo. Kukokota narudia, si kuendesha. Ile njia ni ya watu wa miguu, kuna mama na mtoto mgongoni, kuna mzee na mkongojo, na kile ambacho wewe wakililia kwa matatu, kwamba mkubwa amwonee huruma mdogo, wao wakililia kwako. Kwa hivo yule dereva alokwambia upande njia ya miguu alikosea: baiskeli kwa sheria zetu ni chombo cha barabarani, mahali pake ni barabarani, na anayeendesha gari au pikipiki juu ya njia ya miguu ndiye anayevunja sheria.

Kuna jambo la jua ambalo watu hawalifikirii. Huku kwetu jua huchomoza na kuzama kwa haraka na nyakati zile zile za kwenda na kutoka kazini. Asubuhi ukija mjini jua liko nyuma yako, wewe waona kila kitu vizuri na wafikiri kila mtu akuona. Lakini yule anayekuja mbele yako jua limo machoni mwake, na akitaka kukata kulia kuingia mtaani akukatia wewe. Jioni ukirudi mambo ni yale yale, jua nyuma yako tena. Kipimo changu ni kivuli: kivuli kikiwa kirefu na kimelala mbele yako, chukulia kwamba wanaokuja hawakuoni, na kila gari inayongoja kukata kulia punguza mwendo mpaka uone magurudumu yake yametulia. Taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma washa hata hiyo saa, si usiku peke yake. Jaketi la rifrekta zile za fundi wa barabara ni bei rahisi na zasaidia, lakini rifrekta hungoja taa ya gari iimulike, taa yako mwenyewe haingoji mtu.

Na kwenye vipande vya barabara vinavyopanuliwa, angalia pale lami mpya inapokutana na ya zamani ama na changarawe. Kile kidato kidogo cha kimo cha vidole viwili vitatu kikiwa sambamba na tairi yako chakuangusha. Kikate kwa pembe ama usikikate kabisa. Na mvua ikinyesha dimbwi usiliingie, hujui lina shimo gani ndani.

Sasa niseme na upande wa pili, manake nina wanafunzi wa gari wanaosoma hapa na baadhi yenu ni madereva wa zamani. Mwenye baiskeli akiwa katikati ya leni hajakudharau. Amepima akaona hapana nafasi. Uingereza, ambako huendeshwa kushoto kama kwetu, mwongozo wao wa barabara ulibadilishwa Januari 2022 ukasema ukimpita mwenye baiskeli acha angalau mita moja na nusu, na ukiwa mwendo wa zaidi ya kama kilomita 48 kwa saa acha zaidi. Ujerumani tangu 2020 ni mita 1.5 mjini na mbili nje ya mji. Mita moja na nusu ni kama mikono miwili iliyonyooshwa, na haipatikani bila kuhamia leni ya pili, kwa hivo ngoja leni ya pili iwe wazi. Ukingoja pale darajani wapoteza sekunde chache, na hizo sekunde wazikuta zakungoja kwenye foleni ya mbele.

Honi pia. Honi ya ghafla nyuma ya mgongo wa mtu humfanya aruke, na akiruka aweza kuruka upande wako. Ukitaka kumjulisha piga mara moja fupi ukiwa bado mbali. Na ukiegesha, mlango wa dereva ufungue kwa mkono wa kushoto, ule wa mbali na mlango. Mwili utageuka wenyewe na macho yataona nyuma. Jambo dogo hili lazuia ajali mbaya sana, na wewe mwenye baiskeli kwa upande wako pita gari zilizoegeshwa kwa umbali wa mlango mzima uliofunguka.

Mwendo nao. Ndani ya mji sheria yetu ni kilomita 50 kwa saa. Huo mwongozo wa Uingereza una hesabu za gari ndogo kwenye lami kavu: kwa mwendo wa karibu 50 gari yahitaji kama mita 23 mpaka isimame, na kwa 80 yahitaji 53. Mwendo haujafika hata mara mbili na umbali umezidi mara mbili. Hii ni kwa breki nzima na dereva asieshika simu.

Na nyinyi wenzangu wa baiskeli mnaokuja rongi saidi, yaani mkielekeana na magari, kwa kuwa ati mwataka kuona gari inayowajia, acheni. Gari iko 50, wewe uko 20, mkielekeana mwakaribiana kwa 70, na ukienda nayo upande mmoja ni 30. Kwa umbali wa mita 50 hiyo ni tofauti ya sekunde mbili na nusu dhidi ya sekunde sita. Isitoshe, dereva anayetoka kwenye mtaa kuingia barabara kubwa akipinda kushoto aangalia kulia, huko gari zinakotoka. Wewe waja kutoka kushoto, hayumo kabisa na wewe. Na spika masikioni wakati wa kuendesha hapana, masikio ndo kioo chako cha nyuma.

Turudi kwako. Mkeo ana haki ya kuogopa, usimwambie ni mwoga. Mwonyeshe mambo unayobadilisha. Toka nyumbani mapema, kabla ya saa kumi na mbili na nusu barabara ni nyingine kabisa kuliko saa moja na nusu. Jumapili asubuhi endesha njia nzima taratibu, ujue kila steji iko wapi na kila shimo, na uangalie kama kuna njia za ndani ya Kisauni zinazokutoa kwenye barabara kubwa hata kwa nusu ya safari. Njia ndefu yenye utulivu ni bora. Breki zote mbili zishike, si moja, na ukienda kwa fundi mwambie abadilishe raba za breki kabla ya kitu kingine chochote, nshaona baiskeli nyingi zimepakwa rangi nzuri na hazisimami.

Na ikitokea umegongwa tena, Mungu aepushe, usiondoke kwa sababu dereva amekupa noti mbili tatu ya dawa. Piga picha namba ya gari, kama ni matatu andika na jina la sako, kile chama cha wenye matatu, lililoko ubavuni, shika shahidi mmoja, nenda kituo cha polisi kilicho karibu uandikishwe na upewe namba ya OB, kile kitabu cha matukio cha kituoni, uchukue fomu ya P3, ile ya polisi ya kuandika majeraha, ikajazwe na daktari. Kila gari barabarani kwa sheria lazima iwe na bima ya mtu wa tatu, na mtu wa tatu ni wewe mwenye baiskeli. Wengi hulala nyumbani na mguu uliovunjika wakidhani bima ni ya wenye magari. Hizo karatasi ziweke, na namba ya OB mpe mkeo naye aiandike kwenye simu yake.